Haki ya Kuuliza: Safari ya Data za Biashara Tangu Kadi Hadi Ghala

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, abiria aliyetaka kusafiri na American Airlines alimpigia simu wakala, naye wakala akaipigia ofisi ya kukatia nafasi. Humo makarani wapatao wanane waliketi kuzunguka rafu ya duara iliyojaa kadi. Kila safari ilikuwa na kadi yake, na kila kiti kilichouzwa kilitiwa alama kwa mkono. Idadi ya makarani haikuweza kuongezwa ovyo, kwa kuwa kila mmoja alipaswa kuifikia kadi kwa mkono wake. Tangu simu ilipolia hadi abiria kuthibitishiwa kiti, zaidi ya saa nzima iliweza kupita. Shirika liliweza kununua ndege kubwa zaidi na zenye kasi zaidi, lakini kadi ilibaki moja na walioihitaji wakazidi kuwa wengi.

Maswali mawili yaliingia katika ofisi ile. La kwanza ni la abiria: je, kiti kipo Ijumaa asubuhi? La pili ni la meneja: katika miezi sita iliyopita, safari za Jumatatu zimeondoka na viti vitupu vingapi, na katika njia zipi? La kwanza lahusu kadi moja na lataka jibu sasa hivi. La pili lahusu kadi zote, pamoja na zile zilizokwisha kufungiwa masandukuni, na jibu lake laweza kungoja hadi kesho bila mtu kuachwa na ndege. Hifadhidata, ghala la data na matumizi ya intaneti katika biashara vimekua kwa kuyahangaikia maswali haya mawili. Nami huipima kila hatua iliyopigwa kwa jambo moja: umbali uliobaki kati ya mwenye swali na jibu lake, pamoja na watu anaolazimika kuwaomba msaada njiani.

Kwa muda mrefu umbali huo ulikuwa wa miaka. Hesabu za sensa ya Marekani ya 1880 zilichukua karibu miaka minane kukamilika. Kwa sensa ya 1890, mhandisi Herman Hollerith alileta kadi za karatasi ngumu zenye kutobolewa na mashine ya umeme ya kuhesabu matundu, na jumla ya watu wote ikajulikana mwaka huo huo. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikachukua jina la IBM. Kwa miongo mingi iliyofuata, mashirika ya reli, bima na umeme yaliweka kumbukumbu zao katika matundu ya kadi. Kompyuta zilipozaliwa, miongoni mwa wa kwanza kabisa kuzitia katika kazi za kila siku za biashara ilikuwa J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyomiliki migahawa ya chai. Ilijitengenezea kompyuta iitwayo LEO, na mwaka 1951 ikaanza kuitumia kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka katika viwanda vyake.

Kisha zikaja tepu za sumaku. Tepu hubeba data nyingi kwa bei nafuu, ila husomwa kwa mfuatano. Anayemtafuta mteja wa elfu tisa hana budi kuwapitia wote waliomtangulia. Kwa hiyo kazi zilikusanywa mchana zikaendeshwa usiku kwa mkupuo, na asubuhi mhasibu akakuta rundo la karatasi zilizochapwa. Kila idara ilikuwa na tepu zake na programu zake, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa COBOL, lugha iliyobuniwa 1959 kwa kuegemea sana kazi za Grace Hopper. Mteja aliyehama alibadilishiwa anwani katika tepu ya mauzo, huku tepu ya madeni ikiendelea kumtumia ankara kwenye nyumba ya zamani. Ugonjwa huo, wa jambo moja kuandikwa mahali pengi na kupishana, ndio uliowasukuma watu kutafuta hifadhidata.

Diski ilifungua njia. Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine ya RAMAC 305: diski 50 zenye kipenyo cha inchi 24 kila moja, uzito uliozidi tani, na nafasi ya herufi milioni tano tu, kiasi kinachoweza kujazwa na picha moja au mbili za simu ya leo. Lakini mkono wake wa kusomea uliweza kwenda moja kwa moja kwenye rekodi iliyotakiwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, ndani ya ndege iliyotoka Los Angeles kwenda New York, rais wa American Airlines, C. R. Smith, alijikuta amekaa karibu na muuzaji wa IBM, R. Blair Smith. Mazungumzo ya watu hao wawili wenye jina moja la ukoo yalizaa mradi wa SABRE, ambao kufikia 1964 ulikuwa umeshika kazi yote ya kukatia nafasi. Kompyuta mbili za IBM 7090 huko Briarcliff Manor, katika jimbo la New York, ziliunganishwa kwa nyaya za simu na mashine za makarani nchini kote. Abiria sasa alijibiwa kwa sekunde chache. Swali la meneja lilibaki pale pale.

Katika miaka hiyo hiyo Charles Bachman, akiwa General Electric, aliunda mfumo wa Integrated Data Store. Nia yake ilikuwa kuzitoa data mikononi mwa programu moja moja na kuziweka chini ya msimamizi mmoja, rekodi zikifungamanishwa kwa minyororo: kutoka kwa mteja kwenda kwenye oda zake, kutoka kwenye oda kwenda kwenye bidhaa. IBM nayo, pamoja na North American Rockwell na Caterpillar, ilijenga IMS ili kufuatilia vipuri vya mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Mfumo huo ulianza kuitika huko Downey, California, Agosti 1968, na data zake zilipangwa kwa ngazi, mzazi juu na watoto chini. Bachman alitunukiwa Tuzo ya Turing, heshima kuu ya fani ya kompyuta, mwaka 1973, na katika hotuba yake alimweleza mtunga programu kuwa mwongoza chombo, mtu anayetafuta njia ndani ya data.

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Data zikipangwa kwa msambazaji kwanza na kipuri baadaye, ni rahisi kujua msambazaji fulani ameleta nini. Ligeuze swali, uulize kipuri fulani huletwa na nani na nani, na programu italazimika kuwazungukia wasambazaji wote. Njia aliijua mtunga programu peke yake. Meneja mwenye swali jipya alipeleka ombi lake, akangoja wiki au miezi, na jibu lilipokuja huenda uamuzi ulikwisha kufanywa bila hilo.

Aliyelikata fundo hili ni Edgar Codd, Mwingereza mzaliwa wa Portland katika pwani ya kusini, aliyesomea Oxford na kuwa rubani wa jeshi la anga katika Vita Kuu ya Pili kabla ya kujiunga na IBM huko Marekani. Juni 1970, akiwa katika maabara ya San Jose, alichapisha makala ya kurasa kumi na moja ambayo wenzake wengi waliyaona kuwa ya darasani mno. Data zote ziwekwe katika majedwali ya mistari na safu. Uhusiano kati ya jedwali moja na jingine usiwe mnyororo uliofichwa ndani ya diski, bali uonekane katika thamani zenyewe: namba ya mteja iliyo katika jedwali la wateja ndiyo hiyo hiyo iliyo katika jedwali la ankara. Na mwenye swali aseme anachotaka, bila kueleza jinsi ya kukifikia. Njia itafutwe na mashine.

Naliona wazo hili kuwa kubwa kuliko mengine yote katika fani hii. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo mwenye majedwali matatu, ya wateja, ankara na malipo, aweza leo kuuliza nani ana deni lililopita siku 60, na kesho akauliza madumu ya mafuta ya lita 20 hununuliwa zaidi na maduka ya wilaya ipi, bila mtu yeyote kuzipanga upya data kwa ajili ya swali la pili. Swali ambalo halikumjia mtu siku mfumo ulipojengwa lina haki sawa na lile lililotarajiwa. Kabla ya Codd haikuwa hivyo. Mjenzi wa mfumo ndiye aliyeamua, miaka kabla, ni mambo gani yangeulizika kwa urahisi.

IBM haikulikimbilia wazo la mtu wake, maana IMS ilikuwa ikiiletea fedha nyingi. Hata hivyo kikundi cha watafiti wa San Jose kilianza kujenga System R, na humo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakabuni lugha ya kuulizia ambayo leo tunaiita SQL. Boyce alifariki ghafla mwaka 1974, mwaka uleule makala ya kwanza kuhusu lugha hiyo yalipotoka, akiwa hajatimiza miaka 30. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walionyesha jinsi programu inavyoweza kukisia gharama ya kila njia ya kulifikia jibu na kuchagua iliyo nafuu, na hoja kwamba mashine haiwezi kumshinda binadamu anayeijua njia ikaanza kufa. Ng'ambo ya ghuba, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walijenga Ingres. Larry Ellison na wenzake wawili, waliokuwa wakiyasoma machapisho ya IBM, waliitangulia sokoni: Oracle yao ilitoka 1979, na IBM ikaleta bidhaa yake ya kwanza ya SQL mwaka 1981, ikifuatiwa na DB2 mwaka 1983. Mwaka 1986 SQL ikawa kiwango rasmi nchini Marekani.

Mwaka 1974 unastahili kutazamwa peke yake. Mwezi Mei, katika mji wa Ann Arbor, Michigan, Codd na Bachman walikaa mbele ya wataalamu wenzao na kujadiliana waziwazi ni nani mwenye hoja, mwenye majedwali au mwenye minyororo. Mwezi huo huo Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala yaliyoeleza jinsi mitandao ya aina tofauti inavyoweza kupokezana data, msingi wa intaneti tunayoitumia. Tarehe 26 Juni, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, keshia alipitisha pakiti ya jojo za Wrigley juu ya kioo cha kusomea, na msimbopau wa bidhaa ukasomwa kwa mara ya kwanza katika mauzo ya kawaida dukani. Tangu siku ile kila kitu kinachouzwa kiliweza kujiandikisha chenyewe, kimoja kimoja, pamoja na saa na mahali.

Na mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Jaribio la kuhamishia hesabu za Wizara ya Fedha kwenye kompyuta lilikuwa limevunjika. Marufuku ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Wapo wanaoisimulia amri ile kama woga wa kitu kipya, na mimi sikubaliani nao. Kompyuta zilikula fedha za kigeni, waliozifahamu vizuri wengi walikuwa wageni, na wenye hesabu hawakuwa na uwezo wa kuusimamia mfumo wenyewe. Kwa kipimo nilichokiweka mwanzoni, mashine za aina ile ziliurefusha umbali kati ya Hazina na hesabu zake. Miaka iliyopotea ilikuwa na gharama, hasa kwa vijana ambao wangejifunza kazi hiyo mapema, lakini sababu ya kusita ilikuwa ya kweli.

Turudi kwenye swali la abiria, kwa maana lilikuwa na ugumu uliojificha. Mtu anahamisha shilingi 10,000 kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mashine inapunguza upande wa kwanza, na kabla haijaongeza wa pili, umeme unakatika. Fedha ziko wapi? Jim Gray, aliyekuwa katika kikundi cha System R, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulijibu hilo. Muamala ama ukamilike wote ama uwe kana kwamba haukuanza. Kabla ya kugusa data zenyewe, mashine iandike katika daftari la mabadiliko kile inachokusudia kufanya, ili ikiamka baada ya ajali isome daftari na kumaliza au kufuta. Watu wawili wakigombea kiti cha mwisho, mmoja azuiwe kidogo hadi mwenzake amalize. Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco na hakuonekana tena. Kila anayetuma fedha kwa simu anaegemea kazi ya mtu huyu na wenzake.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, basi, swali la kwanza lilikuwa limepata majibu mazuri sana, na ubora wa majibu hayo ukaliumiza la pili. Hifadhidata iliyoundwa kwa ajili ya miamala hupenda kazi ndogo ndogo za haraka. Ukiiomba ijumlishe mauzo ya miaka mitatu kwa mkoa na kwa bidhaa, itasoma mamilioni ya mistari huku wateja wamepanga foleni dirishani. Tena hifadhidata hiyo husahau: bei ikibadilika, mpya huandikwa juu ya ile ya zamani. Na benki au duka kubwa halikuwa na hifadhidata moja. Lilikuwa na kumi au ishirini, kila moja na namna yake ya kuandika mwanamke na mwanamume, tarehe, au namba ya tawi.

Mwaka 1988 Barry Devlin na Paul Murphy wa IBM walichapisha ramani ya suluhisho: jenga mahali pa pembeni, uchukue nakala za data kutoka mifumo yote, uzisafishe na kuzilinganisha, na hapo ndipo wachambuzi waulize. Bill Inmon akalieneza wazo hilo kwa kitabu chake cha 1992, akitaja sifa nne za ghala la data: limepangwa kufuata mambo makuu ya biashara, limeunganisha vyanzo vyote, limebeba historia kwa muda, na kilichokwisha kuingia hakibadilishwi. Miaka minne baadaye Ralph Kimball alitoka na kitabu chake, na fani ikapata mafahali wawili. Inmon alitaka kampuni nzima ijengewe ghala moja kuu kwanza, kisha idara zichote humo. Kimball alianza na tukio moja la biashara, tuseme mauzo ya dukani. Aliweka jedwali kubwa la vipimo katikati na kulizungushia majedwali madogo yanayoeleza nani, nini, wapi na lini. Idara moja ikishanufaika, ya pili ilifuata kwa kutumia maelezo yale yale ya mteja na bidhaa.

Kwa ofisi zetu namwona Kimball kuwa na faida zaidi, kwa sababu mhasibu au meneja wa mauzo aweza kuisoma michoro yake bila mkalimani, na matunda huonekana kabla bajeti haijakatwa. Lakini somo zito zaidi limo katika mambo ambayo wote wawili waliyashikilia. Chukua mteja aliyehama Mwanza kwenda Dodoma. Ukimbadilishia tu anwani, ununuzi wake wote wa mwaka jana utahamia Dodoma katika ripoti, na meneja wa Mwanza atalaumiwa kwa mauzo yaliyoporomoka bila kuporomoka. Ghala hutunza mistari miwili ya mtu huyo, kila mmoja na muda wake wa kuwa kweli. Kazi ya namna hii haina mbwembwe, haionekani kwenye skrini ya mkurugenzi, na ndiyo inayotofautisha ripoti ya kuaminika na ripoti ya kupotosha.

Nguvu ya ghala lililojengwa vizuri ilionekana Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani. Msimbopau ulikuwa umeipa data za kila risiti, mtambo wa satelaiti ulizileta makao makuu Arkansas kutoka maduka yote, na mashine za Teradata, zilizogawa kazi moja kwa vichakato vingi vinavyofanya kazi sambamba, zikazipokea. Mwaka 1992 ghala hilo lilivuka terabaiti moja, ukubwa ambao wakati ule haukuwa umezoeleka popote. Kabla ya kimbunga Frances kufika Florida mwaka 2004, wachambuzi wa Walmart waliangalia watu walinunua nini kimbunga kilichotangulia kilipokaribia. Tochi zilitarajiwa. Haikutarajiwa kuwa mauzo ya vitafunio vya Pop-Tarts vya stroberi yalipanda takriban mara saba ya kawaida. Malori yakapakiwa kufuata jibu hilo.

Maghala mengi mengine yalishindwa, na kushindwa kwao hakukutokana na mashine. Weka mezani mkuu wa mauzo, mkuu wa fedha na mkuu wa huduma, uwaulize kampuni ina wateja wangapi. Wa kwanza atahesabu waliosajiliwa, wa pili waliolipa, wa tatu waliopiga simu mwaka huu. Programu haiwezi kuchagua kati yao. Kampuni zilizoruka mazungumzo hayo zikaenda moja kwa moja kununua vifaa zilijikuta na ghala lenye majibu matatu kwa swali moja, na wakubwa wakarudi kwenye lahajedwali zao.

Intaneti iliingia biasharani kwa kishindo katikati ya haya. Mtandao wake wa awali ulikuwa ukiunganisha watafiti tangu Oktoba 1969. Lugha ya pamoja ya Cerf na Kahn ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983. Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1989, na mwaka 1993 CERN ikauachia ulimwengu uutumie bila malipo. Mwaka 1995 mtandao mkuu uliogharamiwa na serikali ya Marekani ulifungwa na njia zikabaki mikononi mwa kampuni. Mwaka huo huo Amazon na eBay zilifungua milango. Mwaka uliofuata SABRE ilianzisha Travelocity, na abiria wa kawaida mwenye intaneti, akiwa nyumbani kwake, aliweza kuitazama mwenyewe ile kadi ambayo makarani wanane walikuwa wakiizunguka. Mtu wa kati kwenye swali la kwanza alikuwa ameondoka. MySQL, iliyotokea 1995 ikawa yapatikana bure, iliwezesha hata biashara ndogo kuwa na hifadhidata nyuma ya tovuti yake.

Upande wetu wa dunia ulikuwa bado unaongea kupitia angani. Satelaiti ya mawasiliano hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kwa hiyo swali na jibu lake husafiri zaidi ya kilomita 140,000, na karibu nusu sekunde hupotea hata kama mitambo yote ni mizima. Programu inayoiuliza hifadhidata ya mbali mara 40 kabla ya kufungua ukurasa mmoja hula sekunde 20. Kwa hali hiyo kuweka data za matawi mahali pamoja na kuziuliza papo hapo kulikuwa ghali na kwa kuudhi. Julai 2009 mkongo wa mawasiliano wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukipita Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS uliunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu mwaka huo huo, na EASSy ukafuata 2010. Kwa fani yetu hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko programu yoyote iliyonunuliwa muongo ule.

Lakini Kenya haikuungoja mkongo. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007, ikategemea ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, huku kwa miaka yake ya mwanzo seva zake zikiwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Kila kutuma na kutoa fedha ni muamala wa aina aliyoipigania Gray, ama wote ama hapana. Kisha, Novemba 2012, kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya CBA wakaleta M-Shwari. Mama muuza mboga ambaye hakuwa na hati wala dhamana aliomba mkopo kwa simu, na mfumo ukaangalia historia yake ya kutumia simu na kutuma fedha, ukaamua papo hapo. Tazama kilichotokea hapo. Swali la meneja, lile la kupitia miezi iliyopita, limejibiwa ndani ya swali la mteja, kwa sekunde zile zile. Vodacom na CBA waliifikisha huduma kama hiyo Tanzania kwa jina la M-Pawa mwaka 2014. Maswali mawili yaliyotenganishwa kwa miaka 50 yalikutana katika simu ya bei nafuu, na nadhani historia za fani hii zinazoandikwa kwingine hazijalipa jambo hilo uzito unaostahili.

Huko California, wingi wa kurasa za wavuti ulikuwa umewalemea wenye hifadhidata za kawaida. Google ilieleza mwaka 2004 namna ya kugawa kazi moja kwa maelfu ya kompyuta za bei rahisi, na Doug Cutting akatoa programu huria ya Hadoop, 2006, aliyoipa jina la tembo wa kuchezea wa mwanawe. Kwa miaka kadhaa ilidaiwa kuwa SQL na majedwali vimepitwa na wakati. Gharama ikaonekana haraka: meneja alirudi kumsubiri mtunga programu, kama siku za minyororo. Ndiyo maana hata Facebook, wenye data nyingi kuliko wengi, waliweka lugha inayofanana na SQL juu ya Hadoop. Wakati huo huo Stonebraker na wenzake walionyesha, 2005, kwamba data za uchambuzi zikihifadhiwa kwa safu badala ya mistari, swali linalohitaji safu tatu kati ya mia husoma hizo tatu tu. Maghala ya BigQuery, Redshift na Snowflake yamesimama juu ya wazo hilo, yakikodishwa kupitia intaneti. Kampuni ndogo ya Arusha yaweza kukodi kwa saa chache nguvu ambazo Walmart ilizinunua kwa mamilioni. Kilichobaki ni bili: BigQuery ikitumika kwa malipo ya kila swali, hutoza kulingana na data zilizosomwa, na swali lililoandikwa bila uangalifu hulipiwa.

Wa mwisho kupewa haki ya kuuliza amekuwa yule ambaye data zinamhusu. Sheria ya Ulaya ya kulinda data binafsi ilianza kutumika Mei 2018; Kenya na Uganda zikatunga zao 2019, na sheria ya Tanzania ya 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Mteja sasa aweza kuiuliza kampuni inahifadhi nini kumhusu na kutaka kilichokosewa kirekebishwe, na sheria ya Kenya inampa pia haki ya kudai ufutaji. Hapo ndipo kanuni ya Inmon ya kutobadilisha kilichokwisha kuingia inapogongana na sheria, kwa sababu maghala mengi yalijengwa yasifute kitu. Jina la mtu mmoja limo katika mfumo wa mauzo, katika mistari yake miwili ya Mwanza na Dodoma, katika faili zilizopakuliwa na mchambuzi, na katika nakala za akiba za miezi iliyopita. Njia moja ya kushughulikia maombi hayo ni kutenganisha majina na vitambulisho na historia ya miamala, kuviweka katika jedwali moja linalolindwa kwa ufunguo, na kuacha ghala lihifadhi namba tu. Ombi la kufuta likija, hufutwa mstari ule mmoja, na miamala hubaki bila mwenyewe.